Rungu ambalo Rais wa Kenya hana

Tangu David Maraga atangaze nia ya kuwania urais wa Kenya mwaka 2027, barua aliyoiandika akiwa Jaji Mkuu imefufuliwa, na kila anayeitaja anaipa maana yake. Ni ile ya Septemba 21, 2020, alipomshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba hakuna jinsia inayozidi thuluthi mbili ya wabunge. Wafuasi wake wanaitaja kama ushahidi wa ujasiri. Wapinzani wanauliza ni jaji gani mwenye akili timamu angetaka uchaguzi wa nchi nzima katikati ya janga la korona. Ajabu ni kwamba kambi zote mbili zinasimulia kisa kimoja: Jaji Mkuu alimtaka Rais atumie mamlaka yake, Rais hakuyatumia, yakaisha. Kisa hicho kina kosa pale pale mwanzoni. Rais wa Kenya hana mamlaka ya kulivunja Bunge. Aliyapoteza Katiba mpya ilipozinduliwa Agosti 27, 2010, na alichobakiziwa ni wajibu mmoja mwembamba, wa kutekeleza uamuzi uliokwisha kufanywa na wengine. Kwa hiyo kesi ya kuupinga ushauri huo iliyofika Mahakama Kuu mwaka ule haikuhusu ukubwa wa madaraka ya Ikulu hata kidogo. Ilihusu jambo gumu zaidi: mtunga sheria akiikaidi Katiba, ataadhibiwa vipi ikiwa mwenye kutekeleza adhabu ni mwanasiasa mwenzake?

Wakenya wenye umri wa kukumbuka utawala wa Daniel arap Moi wanajua mamlaka halisi ya kuvunja Bunge yalikuwaje. Kifungu cha 59 cha Katiba ya zamani kilimruhusu Rais kuliahirisha au kulivunja Bunge wakati wowote apendao. Hakutakiwa kutoa sababu, kushauriana na mtu wala kusubiri mgogoro. Mwaka 1983, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na katikati ya sakata la Charles Njonjo, waziri aliyetuhumiwa usaliti, Moi aliitisha uchaguzi mwaka mmoja kabla ya wakati wake, akapata nafasi ya kuwapepeta wanasiasa asiowaamini. Vyama vingi viliporejea, tarehe ya uchaguzi ikawa kitu alichokuwa akikiita silaha yake ya siri, na wapinzani waliingia chaguzi za 1992 na 1997 wakiwa wamekisia kwa miezi lini kipenga kitapulizwa. Mbunge aliyejua kwamba kiti chake kinaweza kuyeyuka asubuhi yoyote alijifunza kunyamaza. Hayo ndiyo waliyotaka kuyamaliza walioandika Katiba ya 2010, na waliyamaliza kwa njia rahisi sana: Kifungu cha 101 kikaifunga tarehe ya uchaguzi kwenye Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na Kifungu cha 102 kikasema muhula wa kila bunge, la Taifa na la Seneti, unakwisha siku ya uchaguzi mkuu unaofuata. Rais hatajwi. Katika hali ya kawaida hakuna mtu anayelivunja Bunge la Kenya. Linakwisha lenyewe kwa kalenda.

Isipokuwa pale penye Kifungu cha 261. Katiba mpya ilidai sheria nyingi za kuitekeleza, na waandishi wake walikuwa na mashaka, tena yenye msingi, kwamba wabunge watazipitisha zile wanazozipenda na kuzikalia nyingine. Basi wakaweka jedwali lenye muda wa kila sheria. Bunge likihitaji muda zaidi linaweza kujiongezea mara moja tu, kwa kipindi kisichozidi mwaka, tena kwa kura za thuluthi mbili. Muda ukipita, mtu yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, nayo inaweza kuliamuru Bunge litunge sheria hiyo ndani ya muda itakaoutaja. Amri hiyo ikipuuzwa, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje Bunge na Rais atalivunja. Lugha ya kifungu ni ya lazima kwa wote wawili. Hakuna mahali panapompa Rais nafasi ya kutafakari, kupima gharama au kuangalia hali ya hewa ya kisiasa. Nadhani hata neno "ushauri" limewapotosha watu wengi hapa, maana ushauri wa kawaida mtu huweza kuukataa, na huu umeandikwa kama hatua ya mwisho ya utaratibu wa kimahakama.

Tishio hilo lilifanya kazi, tena vizuri, jambo ambalo husahaulika katika mijadala hii. Agosti 2011 wabunge walikesha wakipitisha miswada kwa haraka ili wawahi mwisho wa mwaka wa kwanza wa Katiba. Sheria ya ardhi za jamii, iliyokuwa na maadui wengi wenye nguvu na mashamba makubwa, iliongezewa muda wa mwaka mmoja kutoka Agosti 2015, lakini ilitiwa saini Agosti 31, 2016. Wabunge waliogopa kuvunjwa, na kwa kuogopa walifanya kazi ambayo huenda wasingeifanya. Palipokwama ni mahali pamoja: kanuni ya thuluthi mbili. Na hapo sababu haihitaji mtaalamu wa katiba kuieleza. Sheria nyingine zote ziligusa maslahi ya watu wengine. Hii iligusa viti vya wanaoipigia kura.

Tazama hesabu. Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneo bunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Ili kanuni itimie wanahitajika wanawake 117. Uchaguzi wa 2017 ulileta wanawake 23 kutoka maeneo bunge, na jumla yao wote ikawa 76. Pengo la viti 41 lingeweza kuzibwa kwa njia iliyopendekezwa na Aden Duale alipokuwa kiongozi wa walio wengi: kuongeza viti vya kuteuliwa baada ya uchaguzi hadi uwiano upatikane, kama mabunge ya kaunti yanavyofanya tangu mwanzo chini ya Kifungu cha 177. Kwa kuwa njia hiyo ilihitaji kurekebisha Katiba, zilitakiwa kura 233. Aprili 2016 zilipatikana 195. Mei mwaka ule ule zikashuka hadi 178. Novemba 2018 mswada mwingine wa aina hiyo uliahirishwa kwa sababu wabunge hawakutosha ukumbini, na Februari 2019 ulipopigiwa kura ukapata 174. Kila safari kura zilipungua. Siku za upigaji kura zilitangazwa mapema, viongozi wa pande zote mbili walihimiza hadharani, Rais na Raila Odinga walishasalimiana Machi 2018 na kuzungumza lugha moja, na bado wabunge waliona afadhali wasionekane. Bunge linaloshindwa kupata kura hufanya hivyo kwa kujadili na kukataa. Hili lilikuwa likikataa kwa kutokuwepo.

Mahakama nazo hazikukurupuka. Desemba 11, 2012, Mahakama ya Juu ilitoa maoni yake kwamba kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, sheria ikiwa tayari ifikapo Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, aliachana na wenzake akisema kanuni ilipaswa kutumika mara moja katika uchaguzi wa 2013. Ukiyasoma maoni yake leo unaona alikuwa amewajua wabunge kuliko wenzake walivyowajua. Tarehe hiyo ikaongezwa mwaka mmoja, ukapita. Machi 2017 Jaji John Mativo aliliamuru Bunge litunge sheria ndani ya siku 60, akasema wazi kwamba likishindwa, mtu yeyote ataweza kumwomba Jaji Mkuu achukue hatua ya Kifungu cha 261. Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Maombi yakaanza kufika mezani kwa Maraga, yakiwemo ya Chama cha Mawakili kilichokuwa kikiongozwa na Nelson Havi. Kufikia Septemba 2020, miaka mitatu na zaidi ilikuwa imepita tangu siku zile 60 zimalizike.

Kisha mambo yakaenda mbio kwa siku tatu na kusimama kwa miaka. Septemba 24, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu alisitisha kwa muda utekelezaji wa ushauri ule, kufuatia maombi ya raia wawili, na kuagiza faili lipelekwe kwa Jaji Mkuu ili ateue jopo la majaji. Kichekesho hakikumpita mtu: ushauri unaopingwa ni wa Jaji Mkuu, na anayepaswa kuteua majaji wa kuupima ni Jaji Mkuu yule yule, maana ndivyo Kifungu cha 165 kinavyotaka. Wako waliosema Korir aliipa Ikulu zawadi. Tuhuma hiyo ni dhaifu. Korir alikuwa kwenye orodha ya majaji 41 waliopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama ambao Rais alikuwa akikataa kuwateua, na mwaka 2021 Uhuru alipowateua wengi wao, jina la Korir lilibaki kwenye lile kundi la sita walioachwa nje. Lakini zawadi bila nia bado ni zawadi. Amri ile ilimwondolea Rais mzigo wa kujibu, ikawaondolea wabunge hofu, na Bunge la 12 likamaliza muhula wake Agosti 2022 kabla mahakama haijatoa neno la mwisho. Kwa vitendo, kuchelewa ndiko kulikoamua kesi.

Hoja za waliopinga ushauri hazina uzito sawa, na kuzichanganya kumewasaidia wanasiasa zaidi ya kuwasaidia wananchi. Iliyopigiwa kelele zaidi, na iliyo nyepesi kuliko zote, ni kwamba jaji ambaye hakuchaguliwa na mtu hawezi kuwarudisha nyumbani watu waliochaguliwa na mamilioni. Inasikika vizuri jukwaani. Ila Kifungu cha 261 hakikutungwa na Maraga. Kilipigiwa kura ya maoni Agosti 4, 2010, na takriban asilimia 67 ya waliopiga kura wakakipitisha pamoja na Katiba nzima. Wananchi wale wale waliowachagua wabunge ndio walioweka sharti kwamba mbunge asiyetimiza kazi fulani kwa wakati fulani atarudi kwao kuomba kazi upya. Mtu akikuajiri kwa mkataba wenye sharti la kukuachisha, huwezi kumlaumu karani aliyekusomea sharti hilo. Isitoshe, hatima ya kuvunjwa Bunge ni uchaguzi. Hakuna jaji anayeketi kwenye viti vitakavyoachwa wazi. Wananchi ndio watakaovijaza, na wakipenda watawarudisha wale wale.

Hoja ya korona na gharama ilikuwa na ukweli ndani yake, na Maraga mwenyewe alikiri katika ushauri wake kwamba kuvunja Bunge kungeleta usumbufu na hata ugumu wa kiuchumi. Alichosema ni kwamba maumivu hayo ndiyo Wakenya waliyoyachagua kama dawa. Unaweza kuona ukali ndani ya jibu hilo, lakini ndilo jibu la sheria. Vinginevyo Bunge likijua kwamba litasamehewa kila mwaka wenye shida, litasubiri mwaka wenye shida, na Kenya haijawahi kukosa. Ilisemwa pia kwamba Jaji Mkuu alikuwa akimlipizia Rais kisasi kwa suala la wale majaji 41, huku akikaribia kustaafu Januari 2021. Huenda. Nia ya mtu ni siri ya moyo wake, na ushauri aliotakiwa kuutoa kwa lazima haubatiliki kwa sababu aliutoa akiwa amekasirika.

Hoja nzito ni mbili, na zote mbili zilisikika kidogo. Ya kwanza inauliza kama sheria inayodaiwa ni ya aina ambayo Kifungu cha 261 kinaizungumzia. Kifungu hicho kinahusu sheria za kawaida ambazo Bunge linaweza kuzipitisha kwa wingi wa kawaida. Kanuni ya thuluthi mbili, kwa namna idadi ya viti ilivyofungwa ndani ya Katiba yenyewe, karibu kila aliyejaribu kuitafutia njia aliishia kwenye marekebisho ya Katiba. Je, mbunge anaweza kuadhibiwa kwa kutoipigia kura ya "ndiyo" hoja ya kurekebisha Katiba, hali Katiba yenyewe inampa uhuru wa kuikataa? Hapo nakiri pana ugumu wa kweli. Jibu langu ni kwamba njia zisizogusa Katiba zilikuwepo: kwa mfano, kuvilazimisha vyama kwa sheria ya uchaguzi viwasimamishe wanawake katika sehemu fulani ya maeneo bunge, pamoja na ngome zao. Bunge halikuzijaribu kwa dhati. Lilichagua njia ngumu kuliko zote, ile ya kura 233, kisha likajitetea kwa ugumu wake.

Ya pili ndiyo inayonisumbua hadi leo, nayo ni ukimya wa Katiba kuhusu kesho yake. Kifungu kinasema Bunge jipya litatunga sheria hiyo ndani ya muda ule ule unaohesabiwa upya, na likishindwa, mzunguko unaanza tena. Hakisemi uchaguzi huo utafanyika ndani ya siku ngapi. Hakisemi kama wabunge wapya watakaa miaka mitano au watamalizia kipindi kilichobaki hadi Jumanne ya pili ya Agosti. Kifungu cha 101 kinazungumzia uchaguzi mdogo ndani ya siku 90 kiti kinapoachwa wazi, lakini kutumia utaratibu uliokusudiwa kiti kimoja kwa mabunge mawili mazima ni kunyoosha maneno kupita kiasi. Wakati huo wote nani anaidhinisha matumizi ya fedha? Nani anaongeza muda wa hali ya hatari ikitangazwa? Rais angebaki peke yake bila Bunge la kumkagua, kwa muda usio na mpaka ulioandikwa. Kifungu kilichokusudiwa kulibana Bunge kingeweza, kwa kutoandikwa vizuri, kumfungulia Rais mlango uleule uliofungwa mwaka 2010. Na waliokuwa wakipiga kelele za kuvunja Bunge mara moja walipaswa kuwa na jibu kuhusu hili. Wengi hawakuwa nalo. Hata Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilikuwa na makamishna watatu tu kati ya saba wakati ule.

Kwa nini basi nasisitiza kwamba haya hayahusu mamlaka ya Rais? Kwa sababu majirani wetu wanatuonyesha mamlaka hayo yanavyofanana yakiwepo. Nchini Tanzania, Ibara ya 90 inamzuia Rais asilivunje Bunge ovyo, lakini inampa nafasi za kweli: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, likikataa hoja ya msingi katika sera za Serikali, au uwiano wa vyama ukifika mahali ambapo Rais anaona si halali tena kwa Serikali kuendelea. Angalia maneno hayo, "Rais anaona". Macho ni yake. Wakati huo huo ibara hiyo inamzuia kutumia rungu hilo katika miezi 12 ya mwisho ikiwa Spika ameshapokea taarifa rasmi ya kumshtaki yeye Rais, jambo la busara ambalo Wakenya wangefaa kulitazama. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ibara ya 148 inamruhusu Rais kulivunja Bunge la Taifa pakiwa na mgogoro unaodumu kati ya Bunge hilo na Serikali, baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na wenyeviti wa mabunge mawili. Desemba 6, 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuvunjika kwa muungano wake na kambi ya mtangulizi wake, Joseph Kabila, na kusema kwamba asipopata wingi mpya, atarudi kwa wananchi. Hakuhitaji kuvunja chochote. Ndani ya siku chache Spika Jeanine Mabunda aliondolewa, wabunge wa Kabila wakahamia upande wa pili kwa makundi, na Januari 2021 serikali ya Sylvestre Ilunga ikaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani nayo. Mamlaka ya kuvunja Bunge, yakiwa mkononi mwa Rais kweli, hufanya kazi kubwa zaidi yasipotumika. Uhuru Kenyatta hakuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo, na wabunge walijua. Ndiyo maana hakuna aliyemkimbilia.

Tofauti nyingine ni mwendo wa mahakama. Sri Lanka, Novemba 9, 2018, Rais Maithripala Sirisena alilivunja Bunge ingawa Katiba, baada ya marekebisho ya 2015, ilimkataza kufanya hivyo kabla ya miaka minne na nusu isipokuwa thuluthi mbili ya wabunge wameomba. Siku nne baadaye Mahakama ya Juu ilisitisha, na Desemba 13 majaji saba wakatamka kwa kauli moja kwamba Rais alivunja Katiba. Nepal, Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli alipendekeza Bunge livunjwe Desemba 20, 2020, Rais akakubali siku hiyo hiyo, na Februari 23, 2021 mahakama ikalirudisha. Alipojaribu tena Mei, Julai ikalirudisha tena na kuagiza Sher Bahadur Deuba ateuliwe Waziri Mkuu. Mahakama zile zilielewa kwamba katika kesi ya aina hii, muda ndio kesi yenyewe. Amri ya kusitisha ni ya haki ikiwa inafuatwa na hukumu baada ya wiki chache. Ikikaa hadi muhula wa Bunge ukaisha, imeshageuka kuwa hukumu ambayo hakuna jaji aliyeitia saini wala kuitolea sababu. Sioni kama Mahakama ya Kenya, ambayo mwaka 2017 iliweza kusikiliza na kubatilisha uchaguzi wa urais ndani ya siku 14, inaweza kujitetea kwamba haina uwezo wa kwenda haraka. Iliweza kwa sababu Katiba iliiwekea siku. Hapa haikuiwekea.

Kutoelewa jambo hili kulijitokeza tena mwaka 2024. Juni 25, waandamanaji vijana waliingia bungeni Nairobi baada ya wabunge kupitisha Mswada wa Fedha, na katika siku zilizofuata dai la kuvunja Bunge lilienea kila mahali. Rais William Ruto alikataa kutia saini mswada, kisha Julai 11 akawafuta kazi karibu mawaziri wote. Wengi waliuliza kwa nini hakuendelea mbele na kuwafuta wabunge. Hakuweza. Baraza la Mawaziri ni lake; Bunge si lake. Na hata kama mtu angetafuta njia kupitia Kifungu cha 261, maana Bunge la 13 nalo lilichaguliwa na kuketi likiwa halijatimiza thuluthi mbili, nchi haikuwa na mtu wa kuendesha uchaguzi. Tangu mwanzoni mwa 2023 IEBC ilikaa bila kamishna hata mmoja hadi Julai 2025. Watu wa Banissa, mbunge wao alipofariki Machi 2023, walisubiri hadi Novemba 2025 kupata mwingine, hali Katiba inasema siku 90. Kama kiti kimoja kilikaa wazi zaidi ya miaka miwili na nusu, anayetaka viti 416 vya mabunge yote mawili viachwe wazi kwa siku moja ana deni la kutueleza vitajazwa lini.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema Kifungu cha 261 kimekufa na kifutwe, wala wanaokisubiri kiokoe nchi jinsi kilivyo. Kifungu kilifanya kazi kwa sheria nyingi kwa sababu wabunge waliamini kitauma. Septemba 2020 waligundua kwamba hakina meno mahali pawili: kinapitia mkononi mwa Rais bila kusema itakuwaje asipotekeleza, na kinaingia mahakamani bila kusema kesi iishe lini. Dawa ya kwanza ni kumwondoa Rais kwenye mlolongo. Akiwa hana hiari, basi sahihi yake haiongezi chochote ila nafasi ya kuchelewesha; ushauri wa Jaji Mkuu ungeweza kuwa tangazo linaloanza kufanya kazi lenyewe baada ya siku kadhaa, likielekezwa kwa IEBC. Dawa ya pili ni kuiwekea mahakama siku kama ilivyowekewa kwenye kesi ya urais, na ya tatu ni kuandika tarehe ya uchaguzi utakaofuata na urefu wa muhula wa Bunge litakalochaguliwa.

Na hapa ndipo swali la nani amwadhibu mtunga sheria linaporudi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa marekebisho kama hayo yakipitia njia ya kawaida ya bungeni yatahitaji thuluthi mbili za wabunge wale wale wanaonufaika na udhaifu uliopo. Mpango wa BBI, ule wa Uhuru na Raila wa kurekebisha Katiba, ulijaribu kuingiza suluhisho la kijinsia kwa mlango mwingine, ukazimwa na Mahakama Kuu Mei 2021 na kuzikwa na Mahakama ya Juu Machi 2022, sehemu kubwa kwa sababu Rais ndiye aliyeuanzisha kwa jina la wananchi. Njia iliyobaki ni ile ile ya Kifungu cha 257 ikitumiwa na wananchi wenyewe: sahihi milioni moja, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24, halafu Bunge. Uzuri wake ni kwamba hapo mwisho Bunge halina kura ya turufu. Likiukataa mswada, unakwenda kwenye kura ya maoni. Maraga anayetafuta kura za 2027 ana sababu ya kuulizwa, katika kila mkutano anaposifiwa au kulaumiwa kwa barua ile, kama yuko tayari kuzitafuta sahihi hizo, na kama akiwa Rais atakubali kifungu kinachomwondolea nafasi ya kuchelewesha. Hadi sasa anaulizwa tu kama ilikuwa ujasiri au upumbavu.